Daraja la barabara juu ya njia nane: maswali tunayoulizana kati ya Kimara na Kibaha

Barabara ya Morogoro, inayotoka Dar es Salaam, ilipopanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, safari ya gari ilifupika. Safari ya mama anayetoka upande huu kwenda kusaga mahindi upande wa pili ikarefuka. Tangu hapo hakuna kikao cha mtaa huku kwetu kinachokwisha bila mtu kunyanyua mkono na kuuliza habari ya kuvuka.

Nimeyaandika hapa maswali yanayojirudia na kuyajibu kadiri ninavyojua. Ninaposema "daraja la barabara" nina maana ya daraja linalopita juu ya barabara kuu likiwa limebeba magari, bodaboda, baiskeli na watembea kwa miguu, kila mmoja kwenye nafasi yake. Daraja la ngazi peke yake ni kitu kingine, ila nitaligusa sana kwa sababu wengi wetu ndilo tunalolijua.

Kwani alama za pundamilia hazitoshi?

Kwenye barabara ya mtaa zinatosha. Kwenye njia nane, tupige hesabu. Kila njia ina upana wa mita 3.5 hivi, kwa hiyo lami peke yake ni mita 28, bila kuhesabu sehemu ya katikati. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, akavuka kwa sekunde 23. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Maana yake, ukianza kuvuka, gari litakalokufikia kabla hujamaliza liko nusu kilomita kutoka ulipo, pengine bado liko nyuma ya kona au kilima. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 35, na kwa muda huo gari hilo limeshakata zaidi ya mita 770.

Kisha kuna jambo ambalo kila aliyewahi kuvuka barabara pana analijua mwilini mwake. Gari la njia ya kwanza linakusimamia kwa heshima. Unapiga hatua, lakini dereva wa njia ya pili hakuoni, kwa sababu lile lililosimama limekukinga. Wema wa dereva mmoja ndio unaokupeleka mbele ya mwingine. Sheria inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko, na ndani ya makazi mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, lakini barabara yenyewe ikiwa pana na imenyooka humwita dereva akanyage.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu akigongwa kwa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara 4.5 ya ile ya kugongwa kwa kilomita 50. Tofauti ni kilomita 15 tu, mguu wa dereva umeshuka kidogo mno.

Basi si tujengewe daraja la ngazi, liishe?

Daraja la ngazi limeokoa watu, sitalibeza. Pale Manzese daraja la miguu limekuwa alama ya mji kiasi kwamba makonda wakisema "Darajani" hakuna anayeuliza lipi. Lakini tujiulize kwa nini chini ya madaraja ya namna hiyo bado unaona watu wakikimbia kati ya magari.

Jibu liko kwenye kimo. Lori lenye kontena linahitaji uwazi wa mita 5 na zaidi chini ya daraja. Ongeza unene wa boriti na sakafu, unakuta mtu anapanda mita 6 hadi 6.5. Ngazi moja ina kimo cha sentimita 16 hivi, kwa hiyo ni ngazi 40 kupanda na 40 kushuka. Ukitaka njia ya mteremko isiyo na ngazi, kipimo kinachokubalika ni mita 1 ya kimo kwa mita 12 za urefu. Mita 6.5 mara 12 ni mita 78, upande mmoja, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Pande zote mbili ni zaidi ya mita 150 za kupanda na kushuka ili kuvuka barabara ya mita 28.

Siku moja nilipanda ngazi za daraja la namna hiyo nyuma ya mama aliyebeba beseni la ndizi kichwani. Ngazi ya kumi na mbili akasimama, akaushika ukingo kwa mkono wa kulia, wa kushoto juu ya beseni. Ngazi ya ishirini akasimama tena. Vijana wakampita pande zote mbili. Alipofika juu alilitua lile beseni, akalilaza kwenye ukingo, akawa anapumua akitazama chini, na nilijua anachokitazama: nafasi kati ya gari na gari. Kesho yake huenda akapita chini. Nani atamlaumu?

Daraja la barabara lina nafuu gani? Si nalo liko juu vilevile?

Hapa ndipo wengi tunapopishana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daraja la barabara likijengwa juu ya ardhi tambarare, nalo linapanda mita 6 au 7. Lakini magari hayawezi kupanda ukuta, kwa hiyo kingo zake za kuingilia hujazwa udongo kwa mteremko mpole, kama mita 5 za kimo kwa kila mita 100. Mtembea kwa miguu anapanda polepole bila ngazi hata moja. Mkokoteni unapita, na baba mwenye mtoto begani pia. Ubaya wake ni urefu: mita 130 za kupanda kila upande. Anayetoka na kwenda mbali haoni taabu, maana ni njia yake hata hivyo. Anayetaka duka lililo ng'ambo tu ataona anazungushwa.

Nafuu kubwa inakuja pale barabara kuu inapopita chini na daraja kubaki usawa wa ardhi. Ukanda wetu si tambarare. Kutoka Kimara kwenda Mbezi na Kibamba barabara inapanda na kushuka vilima, na sehemu nyingine imekata kilima ikaacha kuta za udongo pande zote mbili. Pale ndipo mahali pa daraja. Boriti zinalazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu anayetoka mtaani kwake anatembea moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka, magari ya Morogoro yakipita chini ya nyayo zake. Hakuna ujanja mwingine wa kumfanya mtu alitumie daraja kuzidi huu wa kulipitisha pale ambapo miguu ilikuwa inakwenda tayari.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao cha kupanga mahali pa daraja, swali la kwanza liwe: barabara kuu hapo iko juu au chini ya mitaa yetu?

Njia ya watembea kwa miguu juu ya daraja iwe na upana gani?

Viti mwendo viwili vipishane bila mmoja kurudi nyuma vinahitaji mita 1.8. Hicho ndicho kiwango cha chini, tena kikiwa wazi, bila nguzo ya taa katikati wala kibao cha matangazo. Kwenye makazi kama yetu, ambako saa kumi na mbili asubuhi watu wanatembea kama wanaotoka msikitini siku ya Ijumaa, mita 3 kila upande si anasa.

Nasisitiza kila upande. Ukiweka njia ya miguu upande mmoja tu, nusu ya watu itabidi wavuke barabara ya juu ya daraja ili waifikie, na wengi watatembea kwenye lami.

Bodaboda hazitapita kwenye njia yetu?

Kwenye daraja la ngazi lenye njia ya mteremko, bodaboda hupita, sote tumeona. Dereva hana njia nyingine ya karibu ya kuvuka. Akizunguka hadi mahali pa kugeuzia, anachoma mafuta na abiria analalamika. Watu hukimbilia kuweka vyuma vya kuzuia, lakini kitu kinachopitisha kiti mwendo kitapitisha pikipiki, maana usukani wake una upana wa sentimita 80 hivi. Ukibana zaidi, umemzuia mlemavu, na kijana wa bodaboda atatafuta upenyo.

Kwenye daraja la barabara bodaboda ina lami yake. Huo ndio uzuri wake nisioona ukisemwa vya kutosha. Kinachobaki ni ukingo ulioinuliwa sentimita 15 hadi 20, na ikiwezekana reli imara kati ya magari na watu, ili pikipiki isione shauku ya kupanda wakati wa foleni.

Na baiskeli na maguta?

Wapewe njia yao, mita 2 au zaidi, kati ya lami na njia ya miguu. Muuza maji mwenye guta lenye madumu kumi hawezi kushindana na Coaster, na hapaswi kumsukuma mtoto wa shule.

Mtu wa kiti mwendo au asiyeona atavukaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka miundombinu ya umma ifikike, kwa hiyo hapa hatuombi hisani.

Kwa anayetumia kiti mwendo, kinachomwangusha mara nyingi ni vitu vidogo. Mteremko unaweza kuwa mzuri, halafu mwisho wa njia pana kingo ya sentimita 10 hakuna aliyeikata. Au kuna kiungio. Daraja la zege hutanuka na kunywea kwa joto: lenye urefu wa mita 60, joto likipanda nyuzi 20, linaongezeka milimita 12 hivi. Ndiyo maana huachwa pengo lenye kiungio. Pengo hilo lisipofunikwa kwa bamba tambarare, gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linazama na mtu anakwenda kifudifudi. Jirani yangu anayetumia baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mkono aliniambia yeye hutazama chini muda wote, haoni hata nani anamsalimia.

Kwa asiyeona, vigae vyenye vinundu mwanzoni na mwishoni mwa daraja vinamwambia fimbo yake imefika wapi. Ukingo uwe na kishikio kisichokatika. Na kabla ya hayo yote, pasiwe na mfuniko wa mtaro ulioibwa.

Hatari kubwa ya daraja la namna hii iko wapi?

Haiko juu ya daraja. Iko kwenye miguu yake, pale barabara ya daraja inapokutana na njia za magari yanayoshuka kutoka barabara kuu na yanayopanda kuingia.

Fikiria umevuka vizuri. Chini yako njia nane, wewe uko salama, upepo unakupiga. Unafika mwisho, na hapo kuna njia ya gari inayojikunja bila kusimama, imechorwa kwa mkunjo mpana ili dereva asipunguze mwendo. Dereva anayetoka barabara kuu bado ana kilomita 80 kichwani. Anageuka huku shingo yake imeelekea kulia kutazama magari anayokwenda kujiunga nayo. Wewe uko kushoto. Hakuoni kabisa.

Mambo ya kudai hapo yanajulikana. Mkunjo uwe wa kona kali ili gari lilazimike kupunguza. Kivuko kiinuliwe kama tuta pana lenye alama za pundamilia, gari lipande kwako, si wewe ushuke kwake. Kivuko kiwekwe kabla ya mahali dereva anapoanza kutafuta upenyo, na taa iwe juu yake. Penye nafasi, mzunguko mdogo kila mwisho wa daraja hufanya kazi nzuri, kwa sababu gari haliwezi kuuzunguka kwa kasi kubwa, na kisiwa cha katikati kinampa mtembea mahali pa kusimama.

Mkionyeshwa mchoro wa daraja, msiangalie daraja. Wekeni kidole mlangoni mwa nyumba ya mtu, mkikokote hadi kituo cha daladala cha upande wa pili, na kila kidole kinapokatisha njia ya gari muulize: hapa gari linakuja kwa mwendo gani, na dereva anatazama wapi? Nimewahi kuona mchoro mzuri wa rangi ambao ukiukokotea kidole hivyo unakatisha njia za magari mara nne kabla ya kufika kituoni. Waliouchora walikuwa watu wema. Hakuna aliyekuwa ameukokotea kidole.

Kituo cha daladala kitakuwa wapi?

Kikiwa mbali na daraja, watu watavuka pale kilipo kituo. Hakuna tangazo wala faini itakayobadilisha hilo. Kituo kiwe mguuni mwa daraja, na kati ya hapo na njia ya miguu pasiwe na mtaro wa kuruka.

Madaraja ya Tazara na Ubungo si tayari yanatuonyesha namna ya kufanya?

Yanatuonyesha kwamba nchi inaweza kujenga. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo, lenye barabara zilizopandana tatu, moja juu ya nyingine, likafunguliwa Februari 2021. Yote mawili yalijengwa kuondoa foleni kwenye makutano makubwa, na aliyewahi kukaa Ubungo kwenye foleni kwa muda wa saa mbili anajua thamani yake.

Lakini kazi yake ni kupitisha magari yasikutane. Daraja tunalolizungumzia hapa kazi yake ni kurudisha mtaa mmoja uliokatwa vipande viwili. Likipimwa kwa idadi ya magari kwa saa litaonekana dogo, na mtu wa mipango atauliza kama linastahili fedha. Lipimwe kwa idadi ya miguu.

Wenzetu wa Nairobi wana somo lao. Barabara Kuu ya Thika, kilomita 50 hivi, ilizinduliwa Novemba 2012, na madaraja kadhaa ya miguu yalikamilika baada ya magari kuwa yameshaanza kukimbia. Mtu akishazoea kupita chini kwa miezi, daraja likija anaendelea na njia yake ya zamani. Daraja lifunguliwe pamoja na lami, si baada yake.

Uzio wa katikati ya barabara ukiwekwa, si watu watalazimika kutumia daraja?

Uzio unasaidia pale daraja lilipo karibu. Daraja likiwa mbali, uzio unatengeneza mtu aliyekwama katikati ya njia nane akitafuta tundu, na tundu likishakatwa linakuwa njia rasmi ya mtaa mzima. Kanuni yangu ni hii: kabla ya uzio, hesabu hatua. Mtu mwenye mzigo hatakubali kuzunguka mita mia tano.

Usiku itakuwaje? Vibaka je?

Swali hili huulizwa na kina mama kuliko wote, na wana haki. Daraja la miguu lililofunikwa pembeni kwa mabango ya matangazo ni korido. Ukikutana na mtu mbaya katikati, huna pa kukimbilia wala anayekuona.

Daraja la barabara lina macho. Magari yanapita kando yako, taa zao zinakumulika, bodaboda wanasubiri abiria mwishoni. Ukingo uwe wa vyuma vya wima vinavyoonekana pande zote, usiwe ukuta. Taa ziwekwe kwa ajili ya njia ya miguu, kwa sababu taa ndefu ya magari humwaga mwanga wake kwenye lami na kuacha njia ya pembeni gizani. Na taa ikiungua ibadilishwe. Naliandika hili kwa uchungu, maana taa moja ikizimika, binti anayetoka kazini saa tatu usiku anabadilisha njia, na njia anayoichagua ni ile ya chini.

Wachuuzi wataruhusiwa juu ya daraja?

Palipo na miguu pana biashara, tusijidanganye. Tukinyamaza, meza zitajaa kwenye zile mita 3 na watu watarudi kwenye lami. Njia iliyo bora ni kupanua miguu ya daraja ipate viwanja vidogo vya wauza matunda, vocha na mihogo ya kukaanga, wakae pembeni ya mkondo wa watu bila kuuziba. Mama lishe aliye pale saa kumi na moja alfajiri ni mlinzi bora kuliko kamera.

Kuna miji iliyokwenda mbali zaidi. Mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, barabara kuu ya I-670 ilikuwa imeutenga mtaa wa Short North na katikati ya mji. Mwaka 2004 walikamilisha kazi ambayo kwa kweli ni madaraja matatu yaliyobanana: la katikati linabeba barabara ya High Street, na mawili ya pembeni yanabeba maduka. Mtu anatembea mbele ya madirisha ya maduka na migahawa kama yuko mtaani, huku magari yakipita chini yake. Sisi hatuhitaji migahawa ya vioo. Wazo lenyewe tunalihitaji, kwamba juu ya daraja mtaa usikatike.

Watoto wa shule wapangiweje?

Waulizwe wanapita wapi. Mtoto wa darasa la pili hana uwezo wa kukadiria kasi ya gari, na ukimfundisha nyimbo za usalama barabarani bado macho yake yako chini ya kioo cha lori. Barabara ndiyo irekebishwe imfae.

Hapa Dar es Salaam tuna mfano wetu wa kujivunia. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend ulianza kwa kuzikagua njia za wanafunzi shule kwa shule, kisha kuweka vitu vya bei nafuu: njia za miguu, matuta, vivuko, alama. Mwaka 2019 ulishinda tuzo ya dunia ya miji inayotolewa na Taasisi ya Rasilimali Duniani (WRI). Daraja jipya likija bila njia ya miguu kutoka geti la shule hadi kwenye daraja, mita zile mia mbili za mwisho ndizo zitakazotutoa machozi.

Nyumba zitabomolewa? Fidia ipo?

Inategemea daraja linatua wapi. Kingo za kuingilia zinaweza kutoka nje ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Ardhi ikitwaliwa nje ya hifadhi, sheria ya ardhi inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi ya muda, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakipita miezi sita, yanadaiwa riba. Aliyejenga ndani ya hifadhi hana dai hilo, na watu wa Kimara hawahitaji kukumbushwa bomoabomoa ya 2017.

Ushauri wangu ni mmoja: usisaini fomu ya uthamini usiyoielewa, na ubaki na nakala. Piga picha kila kitu, pamoja na mti wa mwembe.

Nani mwenye dhamana, TANROADS au TARURA?

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Daraja linakaa juu ya ya kwanza, likatua kwenye ya pili. Ndiyo maana ni lazima vyombo vyote viwili vikae meza moja mapema, la sivyo utapata daraja la kupendeza linalotua kwenye vumbi, mashimo na mtaro ulio wazi. Ulizeni kwenye kikao: njia ya miguu inaishia wapi, na baada ya hapo ni bajeti ya nani?

Wakati wa ujenzi tutapita wapi?

Mkandarasi anapaswa kuwa na mpango wa njia za muda, na mpango huo uwe na watu ndani yake, si mchepuko wa magari peke yake. Boriti nyingi siku hizi hutengenezwa pembeni na kunyanyuliwa kwa kreni usiku, barabara ikifungwa kwa saa chache, kwa hiyo kero kubwa huwa kwenye misingi na kwenye kujaza udongo. Daini njia ya muda yenye upana, taa na uzio, na isihamishwe kila wiki. Mtu anayepita alfajiri hasomi vibao.

Nimesikia daraja likitikisika lori linapopita. Linaanguka?

Hapana. Daraja lisilonesa kabisa ndilo la kutiliwa shaka. Boriti hupinda milimita chache chini ya mzigo na kurudi. Cha kuripoti ni kitu kingine: ufa unaoongezeka, nondo iliyochungulia ikiwa na kutu, kiungio kinachogonga kwa kelele mpya, au udongo wa ukingo uliomomonyoka baada ya masika.

Mvua je?

Maji yatoke. Njia ya miguu ielekezwe kidogo upande mmoja, matundu ya maji yasifunguke juu ya vichwa vya walio chini, na mitaro ya miguu ya daraja ifunikwe. Kwenye masika yetu, dimbwi la sentimita 10 linawasukuma watu wote kwenye lami kwa dakika moja.

Naruhusiwa kusimama juu ya daraja, au ni kupita tu?

Simama. Ukingo wa mita 1.1 unamtosha mtembea kwa miguu, na kwa waendesha baiskeli huwekwa mita 1.4, vyuma vikiwa vimekaribiana kiasi kwamba kichwa cha mtoto hakipenyi. Kila penye daraja la kutazama barabara kuu, jioni utawakuta watoto wameshika vyuma hivyo, wakihesabu mabasi yanayoelekea Morogoro na Dodoma, kila mmoja amechagua rangi yake. Njia ikiwa na mita 3, wao watabaki pale ukingoni, na yule mama mwenye beseni atapita nyuma yao bila kumwambia mtu ampishe.